Kosa Halikuwa la Mchanga



Nilibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 2006, baada ya masomo ya theolojia Makumira. Usharika wangu wa kwanza ulikuwa vijijini katika Mkoa wa Singida. Ulikuwa na mitaa saba, na mtaa wa mbali kuliko yote ulikuwa kilomita 38 kutoka nyumba ya mchungaji. Barabara ilikuwa ya udongo, yenye makorongo ya mchanga yanayojaa maji wakati wa masika na kukauka kabisa wakati wa kiangazi. Bila pikipiki, washarika wa mtaa ule wangepata Chakula cha Bwana mara mbili tu kwa mwaka.

Kwa hiyo nilijifunza pikipiki kabla sijajifunza vizuri kazi ya uchungaji. Ilikuwa ya silinda moja, sisi 125, kama hizi zinazobeba abiria katika miji yetu yote. Wanaoiendesha wanajua ilivyo: ni nyepesi, haina nguvu nyingi, na ina subira. Ukiachia mafuta inapunguza mwendo polepole. Ukishusha gia vibaya inalalamika kidogo, kisha inaendelea. Niliiendesha kwa miaka mingi nikajiita dereva mzuri. Sikujua kwamba makosa yangu nilikuwa nayo siku zote, ila chombo kile kilikuwa kinayavumilia.

Katika mtaa ule wa mbali alikuwapo mwinjilisti aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi. Tulikuwa na mazoea yetu. Mimi nilimwamkia, "Shikamoo, Mwinjilisti," kwa sababu ni kaka yangu kwa umri. Naye aliitikia, "Marahaba, Mchungaji," akivua kofia kwa sababu ya kola yangu. Alikuwa anazunguka mtaa mzima kwa baiskeli. Yeye na mkewe walilima alizeti na mtama kwa maksai wawili. Posho ya mwinjilisti mnaijua. Walioishi vizuri ni wale waliolima.

Siku moja mwezi wa tisa mwaka 2009 tulikuwa tunakwenda kuzika, mimi mbele na yeye nyuma. Tulikuwa tumechelewa, na nilikuwa nimechelewa mimi, maana ndiye niliyekaa nikinywa chai wakati yeye amesimama mlangoni na Biblia yake mkononi. Njiani nilivuta mafuta. Niseme kweli kwa sababu ndiyo nia ya maandishi haya: sikuvuta kwa ajili ya kuchelewa tu. Nilifurahia mwendo. Upepo ulikuwa mzuri, barabara ilikuwa tupu, nami nilikuwa kijana mwenye kola na pikipiki. Tuliposhuka kwenye korongo nilikuwa na mwendo ambao mtu mwenye akili haingii nao mchangani. Tairi la mbele likazama, tukaanguka. Mimi nilichubuka viwiko. Mwinjilisti alivunjika mguu wa kulia, chini kidogo ya goti.

Jumapili ya pili baada ya hapo baraza la wazee lilikaa. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Ilikuwaje, Mchungaji?" Nikajibu kwamba ulikuwa mchanga. Hapo ningeweza kuishia, maana mchanga ulikuwapo kweli. Lakini niliona macho yao yananitazama, nikaongeza neno: kwamba tulipokuwa tunaingia korongoni Mwinjilisti alijigeuza ghafla, na pikipiki ikayumba.

Hakujigeuza. Alikuwa ametulia kama gunia la mtama.

Neno lile nililisema mara moja tu, lakini lilifanya kazi kwa miaka mingi. Kwa kuwa ilionekana naye ana sehemu ya kosa, baraza lilikubali kulipa nusu ya gharama za hospitali. Nusu nyingine akauza maksai mmoja. Wakulima wanaelewa maana yake: jembe lile huvutwa na wawili, na maksai mmoja akiuzwa, aliyebaki halimi. Mwaka ule na iliyofuata mkewe alilima kwa jembe la mkono. Mguu uliunga vibaya, akawa anachechemea, na baiskeli ikamshinda. Na vijana wa mtaa, kwa utani usio na ubaya, wakawa wanamwambia kila anapopanda chombo, "Mwinjilisti, usijigeuze." Naye alikuwa anacheka nao.

Nilihamishiwa usharika mwingine mwaka 2013. Sikuwahi kulisahihisha lile neno.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Mwaka 2022 nilitumwa kuhudumu Ujerumani kwa muda, katika jimbo la Bavaria, ambako kanisa la Kilutheri lina uhusiano wa siku nyingi na KKKT. Wengi wetu tunajua habari za wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Siku hizi safari ni ya pande zote mbili, na wachungaji wetu nao wanakwenda kule kuhudumu.

Katika usharika ule nilikuta kundi la waendesha pikipiki. Si vijana, wengi wana mvi. Kule pikipiki nyingi hupumzika wakati wa baridi, na majira ya kuchipua yanapofika makanisa mbalimbali hufanya ibada ya kuanza msimu. Huko Hamburg, kanisa la Mtakatifu Mikaeli limekuwa likipokea maelfu ya pikipiki kwa ibada moja. Yetu ilikuwa ndogo, lakini utaratibu ni ule ule: neno, baraka, maombi kwa ajili ya waliofariki barabarani, kisha msafara. Waliposikia kwamba nimeendesha pikipiki miaka yote ya uchungaji wangu, wakasema mwaka ujao mchungaji wa ibada atakuwa mimi, na msafara nitaongozana nao.

Leseni yetu ya Tanzania kule hutumika miezi sita tu baada ya kuhamia. Zaidi ya hapo ni mtihani, wa nadharia na wa barabarani. Mtihani wa nadharia unaweza kuufanya kwa Kijerumani au kwa moja ya lugha nyingine kumi na mbili, na Kiswahili hakimo. Nikasoma kama mwanafunzi wa kipaimara, nikafaulu. Ili nisipoteze fedha nyingi kwa masomo ya barabarani, fundi mmoja mstaafu, mwenye miaka sabini na kitu, akajitolea kunifundisha kwa pikipiki yake katika uwanja uliofungwa wa mazoezi ya udereva, mahali ambapo wanafunzi wanaruhusiwa.

Pikipiki yake ilikuwa Suzuki SV650S, ya aina wanayoiita ya michezo. Unaikalia ukiwa umeinama mbele, mikono chini, kama mtu anayenong'ona na tangi la mafuta. Injini yake ina silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V, moja imeelekea mbele na nyingine imesimama nyuma yake, na zote mbili zinazungusha krenki moja. Sisi 645, nguvu za farasi kama 70. Ile yangu ya Singida ilikuwa na farasi kumi na kitu.

Fundi alinieleza habari zake kama mtu anayetambulisha mtoto wake. Kwa kuwa silinda zimeachana kwa nyuzi 90, alisema, haziwaki kwa nafasi zilizo sawa: ya kwanza inawaka, krenki inazunguka nyuzi 270, ya pili inawaka, kisha inazunguka nyuzi 450 ndipo ya kwanza iwake tena. Ndiyo maana mlio wake si wa kufululiza. Unakuja kwa jozi, kama mapigo ya moyo. Na nguvu yake haisubiri injini ipige kelele. Iko chini kabisa, mara tu ukigusa mafuta.

Nakiri kwamba aliposema hayo mahubiri yangu ya ibada ya pikipiki yalikuwa yameshakamilika kichwani. Silinda mbili, krenki moja: Sheria na Injili! Zote mbili ni Neno la Mungu mmoja, haziwaki pamoja, na bila moja gari la wokovu haliendi. Hata utangulizi nilikuwa nao. Mahubiri yalikuwa tayari. Aliyekuwa bado ni mhubiri.

Kabla sijapanda, fundi alinionya jambo moja. "Mchungaji, hii si kama ile uliyoizoea. Ukiachia mafuta ghafla, injini yenyewe inafunga breki. Na ukishusha gia huku mwendo ni mkubwa, ukaachia klachi kwa pupa, tairi la nyuma linaweza kusimama. Achia polepole." Akaeleza sababu: pistoni ni kubwa, na mafuta yakifungwa zinageuka kuwa mzigo unaozuia tairi badala ya kulisukuma. Nilitikisa kichwa kwa heshima. Moyoni nilisema, miaka kumi na sita naendesha pikipiki kwenye makorongo ya Singida, nitashindwa na uwanja wa lami?

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Saa ya pili nikaanza kufurahia, na wale mnaokumbuka safari ya mazishi mnajua ninavyokuwa nikifurahia. Mwisho wa uwanja kulikuwa na koni za kuzungukia. Nikazijia na gia ya tatu, mwendo mkubwa. Nilipoona nimezidisha nilifanya kile mkono na mguu wangu vilichozoea kwa miaka yote: nikafunga mafuta, nikakanyaga gia mbili chini, nikaachia klachi yote mara moja.

Kwa ile pikipiki ya silinda moja ingekuwa ni kulalamika kidogo. Hii haikulalamika. Tairi la nyuma lilijifunga, likateleza upande, na kabla sijafikiri nilikuwa nimekaa kwenye lami natazama pikipiki ya mzee wa watu ikiwa imelala ubavu, mkono wa klachi umekatika.

Alikuja anakimbia kwa kadiri ya miaka yake. Kwanza alinishika mabega, akanitazama macho, akanitikisa miguu mmoja mmoja. Alipoona sijaumia akauliza, "Ilikuwaje?"

Nami, kabla hata sijapata pumzi, nikajibu, "Mchanga."

Hakunijibu. Alipiga magoti pale nilipotelezea, akavua glavu, akapitisha kiganja chake juu ya lami, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi mezani. Kisha akanionyesha kiganja. Kilikuwa safi. Akasema, bila hasira hata kidogo, "Hakuna mchanga hapa, Mchungaji."

Sijui kama naweza kueleza vizuri kilichonipata. Lugha ilikuwa ya kigeni, nchi ilikuwa ya kigeni, hata mtu alikuwa mgeni kwangu. Lakini neno lililotoka kinywani mwangu lilikuwa lile lile la mwaka 2009, likingoja tu nafasi. Nilikuwa nikidhani ule uongo niliusema siku moja na nikauacha kule. Kumbe nilitembea nao. Ulikuwa umekuwa tabia ya ulimi wangu. Nilikaa kwenye lami ile nikalia, na mzee yule akadhani nalilia pikipiki yake. Akawa ananibembeleza kwamba mkono wa klachi ni kitu kidogo.

Tunafundisha watoto wetu wa kipaimara kwamba Sheria ni kioo: humwonyesha mtu uso wake ulivyo. Nimeifundisha sentensi hiyo kwa miaka mingi nikidhani kioo kile ni cha watoto wa kipaimara. Siku ile nilikutana nacho katika kiganja kisicho na mchanga.

Usiku ule nilisoma tena Mwanzo 3. Mungu anamwuliza Adamu, na Adamu anamtaja mkewe. Mkewe anaulizwa naye anamtaja nyoka. Yule nyoka alikuwapo kweli bustanini, kama mchanga ulivyokuwapo kweli korongoni. Hapo ndipo penye hila: tunachukua kitu cha kweli tukakisimamisha mbele yetu ili tusionekane. Kisha nikasoma Zaburi 32, ambamo mwenye kuimba anaeleza jinsi kunyamaza kwake kulivyomchakaza hata mifupa.

Lakini lililonichoma zaidi halikuwa katika Biblia. Lilikuwa katika liturgia yetu. Kila Jumapili, kwa miaka kumi na mitatu, nilisimama mbele ya madhabahu nikaongoza washarika katika maungamo. Nilikiri dhambi za mawazo, maneno na matendo kwa sauti iliyo wazi, na kila mara nilitangaza ondoleo. Nisieleweke vibaya: maungamo yale ni kweli na ondoleo lile ni la kweli. Ila mimi niligeuza maungamo ya wote kuwa mahali pa kujificha. Nilikubali kuwa mwenye dhambi kwa jumla ili nisiwe mwenye kosa kwa jina. Luther, katika Katekisimu Ndogo, anatufundisha kwamba mbele ya Mungu tunakiri dhambi zote, hata tusizozijua. Lakini mbele ya muungamishi tunataja zile tunazozijua na zinazotulemea moyoni. Hiyo sehemu ya pili niliifundisha darasani nikaipita maishani.

Asubuhi nikampigia simu Mwinjilisti. Nikasema, "Shikamoo, Mwinjilisti." Akajibu, "Marahaba, Mchungaji. Huko baridi inawaweza?" Nikamwambia nina neno. Nikalisema lote, bila mchanga. Nilipomaliza kulikuwa na ukimya hata nikadhani simu imekatika.

Kisha akasema, "Mchungaji, mimi nilikuwa nyuma yako. Mshale wa spidi nilikuwa nauona juu ya bega lako."

Nikamwuliza kwa nini hakusema barazani. Akasema, "Ningesema, wangegawanyika. Wangine wangekuwa wa Mchungaji, wangine wa Mwinjilisti. Nikanyamaza kwa ajili ya usharika." Halafu sauti yake ikabadilika. "Lakini nisikudanganye. Kila ulipotuongoza kwenye maungamo nilikuwa nakutazama. Nilikuwa nasema moyoni, labda leo."

Labda leo. Miaka minne tuliyobaki pamoja, Jumapili baada ya Jumapili, mtu aliyevunjika mguu alikaa kwenye benchi akiningoja. Akaniambia ananisamehe, tukaomba pamoja kwenye simu. Nilipata faraja, lakini nilijua kazi haijaisha. Neno lile nililisema barazani. Lilitakiwa kurudishwa barazani.

Nilirudi nyumbani mwishoni mwa mwaka 2023. Kwa ruhusa ya mchungaji wa sasa wa usharika ule nilikwenda nikasimama mbele ya baraza la wazee. Baadhi walikuwa wamefariki, baadhi walikuwa wapya na hawakujua hata ninazungumzia nini. Nilitaja mwendo wangu, nikataja uongo wangu, nikataja nusu ya gharama. Mzee yule yule aliyeniuliza mwaka 2009 alikuwapo. Alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Mchungaji, umetuaibisha na sisi pia. Tulimkata mtu nusu bila kumwuliza." Siku hiyo baraza likamwomba radhi Mwinjilisti.

Habari ya Zakayo katika Luka 19 tunaipenda kwa sababu ya mti na kimo chake. Mimi siku hizi naikumbuka kwa sababu ya hesabu zake: wokovu ulipoingia nyumbani kwake, aligusa mfuko. Nilikuwa nimeweka akiba kidogo. Tukaenda mnadani mimi na Mwinjilisti, tukanunua maksai mmoja. Alimchagua yeye, maana mimi sijui ng'ombe.

Tulipomfikisha nyumbani mkewe alikuwa anapepeta mtama. Nilimwamkia, nikasema niliyokuja kusema. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza. Kisha akaweka ungo chini akasema, "Nimesikia, Mchungaji. Na ng'ombe nimempokea, Mungu akubariki. Lakini ile miaka niliyolima kwa mkono siwezi kukuambia haikuwapo. Na masika yakija, mguu wa mwenzangu unauma." Akaniletea uji. Sikuwa na la kujibu, nikanywa uji.

Ninaandika hili kwa sababu tunapenda shuhuda zinazokwisha kwa machozi ya furaha. Mungu husamehe mara moja na kabisa, kwa ajili ya Kristo. Hilo nalisimamia kwa maisha yangu. Lakini yule uliyemkosea si lazima amalize siku hiyo hiyo, na kumharakisha ni kosa jingine. Mama yule ana haki ya masika yake. Mimi kazi yangu ni kwenda kumwamkia kila ninapopita, na kutojitetea.

Mtauliza habari za ibada ya pikipiki. Mkono wa klachi ulinunuliwa, nikauliza kama naweza kuulipia, fundi akakataa nikasisitiza. Nikajifunza upya: kuachia mafuta polepole, kushusha gia moja moja, kutazama mbali ninakokwenda. Mtihani nilifaulu. Katika ibada ile sikuhubiri habari za silinda mbili. Nilihubiri habari za kiganja, na niliposema nilichofanya Singida, watu wazima wenye makoti ya ngozi waliinamisha vichwa. Baadaye wawili walinifuata, kila mmoja kwa wakati wake, wakitaka kuungama. Kila mmoja alikuwa na mchanga wake.

Siku hizi nimerudi kwenye pikipiki ya silinda moja, sisi 125. Nawafundisha vijana wetu wa bodaboda wa usharika, na huwa nawaambia: chombo hiki kinasamehe mengi, msidhani kwa sababu hiyo hamkosei. Ndivyo ilivyo hata kwa wema wa Mungu, na kwa ukimya wa ndugu tunaowaumiza. Uvumilivu wao si ushahidi kwamba tuko sawa.

Mpendwa msharika, Jumapili ijayo utakapopiga magoti kwa maungamo, kiri pamoja na wote. Kisha ukitoka, kama kuna mtu anayekutazama kutoka benchi la nyuma akisema moyoni "labda leo," nenda kwake. Usiende na mchanga.

Bwana akubariki.